Vikombe vinne, ndoo moja na sakafu isiyolowa

Saa moja kasoro robo asubuhi. Magari matano tu ndiyo yameshaingia kwenye maegesho ya jengo la ofisi. Nyuma ya nguzo namba tisa, mwanamke wa miaka arobaini na minane amechuchumaa mbele ya ndoo ya maji ya lita kumi. Mkononi ana kikombe kidogo cha plastiki, kile kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto.

Anakiinua usawa wa jicho mpaka dawa ya kuoshea iguse mstari wa mililita kumi, ndipo anamimina. Anarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Anatia mkono na kukoroga polepole. Maji yanapata ubuluu kidogo, basi. Hayatoi povu hata la kufunika ukucha.

“Shemeji, hayo maji ya kuoshea gari au ya kumwogesha mtoto?” anauliza mlinzi wa getini, ambaye si shemeji yake kwa lolote isipokuwa kwa utani wa miaka.

“Ya kukuosha mdomo,” anajibu bila kugeuka.

Ananyanyuka, anagusa boneti ya gari la kwanza kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayepima homa. Bado ni la moto. Analiacha lipoe, anahamia la pili.

Hapa kila mtu anamwita Mama Povu. Jina hilo amelivaa miaka kumi na moja, tangu siku alipoanza kuosha magari kwenye maegesho haya kwa mpira wa maji na ndoo ya sabuni iliyofura mpaka ikamwagika pembeni. Wenye magari walipenda. Gari likifunikwa jeupe lote, mtu aliona kweli linaoshwa.

Tatizo lilikuwa chini ya miguu yake. Chini ya maegesho kuna stoo ya majalada ya ofisi za juu, na maji yake yalikuwa yakipenya kwenye ufa wa sakafu tone kwa tone. Siku moja karani alishuka kuchukua jalada, akainua boksi, kitako kikabaki chini na makaratasi yakamwagika kama uji.

“Meneja alinionyesha lile boksi,” anasimulia Mama Povu. “Maji yalikuwa yangu.”

Meneja wa jengo, mwanamume mwembamba anayetembea na funguo nyingi kiunoni, alipiga marufuku mpira wa maji siku hiyohiyo. Alimpa wiki mbili. Akiweza kuosha magari bila kulowesha sakafu, atabaki. Asipoweza, Ijumaa ya wiki ya pili afungashe vitu vyake, kona ile ifanywe sehemu ya kuegesha pikipiki.

Kwa Mama Povu hiyo haikuwa kona tu. Kwa siku huosha magari sita, siku nzuri tisa, na mapato hayo ndiyo yanayolipa vyumba viwili anavyoishi na binti yake mshonaji na mjukuu wa miaka mitatu. Cherehani ya binti ina miezi yake ya kazi na miezi yake ya kulala. Ndoo ya mama ndiyo iliyokuwa haijawahi kulala.

Muuza vipuri wa mtaa wa pili alimwambia kuna dawa ya kuosha gari bila kusuuza. Unaichanganya na maji kidogo, unafuta kwa kitambaa kilicholowa, unakausha kwa kingine, umemaliza. Mama Povu akatoa akiba, akanunua chupa ya lita moja.

Kusoma anajua. Alimaliza darasa la saba, na maandishi ya kwenye chupa aliyasoma yote, hata yale ya chini madogo kama mayai ya chawa. Yalisema: dawa sehemu moja, maji sehemu mia mbili hamsini na sita.

“Nikajua wamekosea kuchapa,” anasema, na sasa anacheka mwenyewe. “Kijidawa cha kulamba, kwenye ndoo nzima? Sabuni gani hiyo?”

Akatia kikombe cha chai kizima, akakoroga. Maji yakatulia, yanamtazama. Povu hakuna. Akaongeza kikombe cha pili. Hakuna. Kwa mtu aliyeishi na povu miaka kumi na moja, maji yasiyofura ni maji ambayo bado hayajawa sabuni. Akaongeza tena nusu, kwa roho safi, ili mwenye gari asidhulumiwe.

Magari ya kwanza yalikuwa meupe na ya kijivu, na taa za maegesho ni hafifu, kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Jumatano ya wiki ya pili likaja gari jeusi la daktari wa meno wa ghorofa ya tatu, mama wa makamo anayeongea taratibu. Mama Povu alilifuta kuanzia paa hadi vizingiti vya milango. Chini ya taa liling'aa vizuri tu.

Daktari alitoka nalo mchana. Baada ya nusu saa alirudi, akalisimamisha getini juani, akashuka.

“Mama Povu, njoo kidogo. Gari yangu umeipaka asali?”

Juani gari lilikuwa na michirizi kama vile konokono wamefanya mkutano juu yake. Rangi ilikuwa na ukungu, na vumbi la barabarani lilikuwa limenata kwenye boneti yote. Ukipitisha kidole, kinakwama.

“Niliogopa nimeiua rangi,” anakumbuka. “Gari lile hata nikiosha miaka mitano bure silirudishi.”

Daktari hakupaza sauti. “Mimi sing'oi jino kabla sijalitazama,” alimwambia. “Nakupa mpaka kesho asubuhi uniambie ni kitu gani hiki.”

Meneja alikuwa amesimama karibu na ngazi, amesikia yote. “Sakafu ni kavu, hilo nimeliona,” alisema. “Lakini mpangaji akilalamika, mimi nitakuteteaje? Ijumaa ni keshokutwa.”

Jioni ile Mama Povu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda na kushika tama. Mjukuu alikuwa na kikohozi. Binti yake, akiwa na futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni, alikuwa akimpa dawa. Alijaza kikombe kile kidogo mpaka mstari, akamnywesha, halafu akaanza kujaza tena.

“Imeandikwa kimoja,” Mama Povu alimkatiza. “Cha pili cha nini?”

“Kikohozi hakisikii, mama. Nimuongezee kidogo apone haraka.”

“Aponaye kwa kuzidishiwa ni nani? Walioandika kipimo unadhani walikuwa wanabahatisha?”

Binti alimtazama mama yake, ambaye mdomo wake ulikuwa umebaki wazi.

“Mama, kuna nini?”

“Nipe hicho kikombe.”

Walikaa chini wote wawili, chupa ya dawa ya gari katikati. Binti alipiga hesabu nyuma ya kalenda kwa chaki ya kukatia nguo. Lita kumi ni mililita elfu kumi. Gawa kwa mia mbili hamsini na sita.

“Thelathini na tisa na kitu,” alisema. “Weka arobaini. Vikombe hivi vinne. Wewe ulitia ngapi?”

Mama Povu alihesabu kikombe cha chai kwa vikombe vile vidogo, kimoja kimoja, akimimina maji. Vilipofika ishirini na tano na kikombe cha chai hakijajaa vizuri, binti alianza kucheka, akacheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua kinachochekwa.

“Mama, hukuosha gari. Umelipikia uji.”

Alhamisi asubuhi daktari alimkuta ameshachanganya. Mama Povu alimwambia ukweli bila kuzungusha: alizidisha dawa mara kumi na zaidi, ikakaukia juu ya rangi na kunasa vumbi. Akaomba ajaribu sehemu ndogo kwanza, chini ya mlango wa nyuma, mahali pasipoonekana.

Hapo hakukurupuka. Alipuliza kwanza maji ya dawa kwa chupa ya kupulizia, akasubiri vumbi lilegee. Akachukua kitambaa laini kilicholowa, amekikunja kikawa na pande nane. Akafuta mara moja, mstari mmoja ulionyooka, bila kukandamiza. Akageuza upande mwingine. Kitambaa kilitoka na utelezi wa kijivu. Akarudia kwa kingine. Kisha akakausha, akainama, akaangalia kwa jicho moja.

“Hakuna mkwaruzo,” alisema daktari, ambaye naye alikuwa ameinama hapohapo bila kujijua.

Gari zima lilichukua saa moja na nusu na vitambaa kumi na viwili. Daktari alilitoa mwenyewe hadi juani. Akalizunguka polepole. Mbele ya mlango wa dereva alisimama, akafungua mdomo wazi, akajitazama kwenye rangi nyeusi.

“Naona hadi magego,” alisema.

Mama Povu anasema alishusha pumzi aliyoibana tangu jana yake. Mlinzi alitaka kusema jambo la utani, akaona machozi, akaahirisha.

Lakini Ijumaa ilikuwa bado. Ilipofika, saa nne asubuhi meneja alikuja, akainama karibu na nguzo namba tisa na kupapasa sakafu kwa kiganja. Akachukua tochi, akashuka stooni. Mama Povu alisikia funguo zikilia ngazi hadi ngazi, halafu kimya. Alikuwa akikunja kitambaa kilekile mara ya sita.

Meneja alipanda na vidole viwili ameviinua juu. Alikuwa amevipitisha kwenye dari ya stoo, palepale palipokuwa pakidondoka maji.

“Vumbi,” alisema. “Vumbi kavu.”

“Nimefuta vumbi miaka kumi na moja,” anasema Mama Povu. “Sijawahi kulifurahia kama lile. Nilitaka kumwambia asinawe.”

Meneja alimwandikia barua ya ruhusa ya mwaka mmoja. Ameibandika kwenye nguzo, ndani ya mfuko wa plastiki, ingawa hakuna tena maji ya kuilowesha. Zamani gari moja lilikula ndoo kumi. Sasa ndoo moja inamaliza gari, na dawa aliyokuwa akiimaliza kwa magari mawili inamfikisha magari zaidi ya ishirini.

Kazi nyingine anaikataa. Asubuhi hii dereva wa pikapu ameingia na tope limekauka hadi kwenye vioo.

“Kaka, hili peleka kwanza kwenye maji mengi,” anamwambia. “Nikilifuta hivi hivi, mchanga utachora rangi. Ukirudi nitalimalizia.”

“Yaani unafukuza hela?”

“Nakufukuza wewe. Hela irudi mchana.”

Dereva anaondoka akicheka, akiahidi kurudi mchana.

Sasa Mama Povu anataka vitu viwili. Cha kwanza ni taa nyeupe kali ya kutundika kwenye nguzo, ili michirizi aione yeye kabla haijaonwa na jua. Cha pili ni mwenzake. Mtaa wa pili kuna mama mwosha magari anayefahamiana naye tangu enzi za mpira wa maji. Mama huyo ameshafukuzwa sehemu mbili kwa kulowesha barabara, lakini kila akipita hapa huchungulia ndoo na kuuliza kama Mama Povu anaosha magari au anayasomea dua.

“Nimemwambia aje nimfundishe. Bado anacheka,” anasema.

Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kikombe kingine kidogo cha plastiki, kimefungwa uzi wa kuning'iniza shingoni. Mstari wa kumi ameukoleza kwa rangi nyekundu ya kucha ya binti yake.

“Namsubiri amalize kucheka,” anasema, na kukirudisha mfukoni. Kisha anagusa tena boneti ya gari la kwanza. Imepoa.