Friato Asiye na Ngao

Friato alirudi kwetu wakati wa kuvuna shayiri, kichwa kimejaa mvi na kidevu kimenyolewa kama cha bibi harusi. Nilidhani ni mchuuzi wa Kirumi aliyepotea njia. Nikamwambia chumvi ninayo, shanga sitaki, aende zake. Akacheka, akaniita Aveka Miguu Michafu, jina ambalo hakuna aliyeniita tangu nilipoolewa na kuwa mama Gerlo. Ndipo nikamtazama vizuri.

Tulikua pamoja. Ng'ombe wa baba yake na wa baba yangu walikunywa kijito kimoja. Kisha Warumi wakadai vijana wa jeshi lao, kama walivyokubaliana na wakubwa wetu, na Friato akavushwa Mto Rhine kabla hajaota ndevu. Ujana wake wote akaumalizia kwenye ngome zao. Walipomwachia, wenzake walijenga palepale nje ya ukuta, wakafungua vilabu vya pombe, wakanenepa. Yeye akarudi nyumbani. Sijui nani alimroga.

Nyumbani kwenyewe hapakuwa na mtu. Wazazi walikwisha kufa, na dada yake naye. Aliyebaki katika damu yake ni mtoto wa huyo dada, Otwin, kijana mrefu, mpole, anayeona haya hata kupiga chafya mbele za watu. Friato akaezeka upya kibanda cha baba yake, jirani na kwangu, akaanza kuishi.

Sasa, kwetu mwanamume hazaliwi mwanamume. Anakuwa siku ile ndugu yake anapomkabidhi ngao na mkuki mbele ya baraza, na baraza likagonga mikuki kumkubali. Kabla ya siku hiyo ni mtoto. Hasemi barazani, hapati fungu mashamba yanapogawanywa, haozwi mke. Friato alichukuliwa kabla ya siku yake. Kwa hiyo mtu mzima yule, mwenye kovu la mkuki begani na meno yaliyoanza kung'oka, kwa sheria yetu alikuwa rika moja na wachunga bata bukini.

Watoto walifurahi mno. "Friato! Leo zamu yako ya bata!" Naye kweli akachukua fimbo akaenda kuwachunga, amenyooka mgongo, na bata wanatembea kwa mstari. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini jioni nilimwona akizunguka kibanda chake polepole, kisha akasimama mlangoni, akitazama msituni.

"Unamngoja nani?" nikamwuliza.

"Anayekuja kupokea zamu, mama Gerlo."

"Hakuna anayekuja."

"Najua," akasema, na hakuondoka.

Majira ya kuchipua majani yalipokaribia, alimwendea mpwa wake, ambaye ngao yake alikwisha kuipata, amkabidhi na yeye. Nilikuwepo, nimepeleka maziwa mgando.

"Mjomba," Otwin akasema, masikio yamemwiva, "kwa kawaida mjomba ndiye humpa mpwa ngao. Watanicheka."

"Watanicheka mimi kwanza, baba. Wewe utaambulia makombo."

Kijana akacheka, akakubali. Akatengeneza ngao mwenyewe, ya mbao nyepesi, akaipaka rangi nyekundu. Friato alikuwa akienda kuitazama kila mara kwa visingizio, mara kaenda kuazima shoka, mara kalirudisha.

Baraza letu la ngao huitwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa majira hayo unapoandama. Huitwa, lakini nani huja? Mtu huru haitwi kama mbwa. Siku ya kwanza wanaume hukaa nyumbani na kulalamika. Ya pili huanza kutafuta viatu. Ya tatu hujikokota mmoja mmoja, kila mmoja akiomba miungu asiwe wa kwanza kufika. Jambo hili tunalijua sana, na kwa sababu tunalijua sana, hakuna aliyekumbuka kumwambia Friato.

Asubuhi ile nilikwenda kuokota kuni, nikamwona katikati ya uwanja mtupu, kanyoa, kachana nywele, kasimama wima.

"We Friato! Rudi nyumbani, hakuna mtu!"

"Tumeitwa leo!"

"Wameitwa wote, wamekuja wangapi? Rudi, utakuwa kichekesho!"

Hakurudi. Alilala palepale. Watu walipoanza kufika siku ya tatu walimkuta, nguo zimelowa umande, na kila aliyefika alimtazama kisha akamtazama jirani yake.

Sisi wanawake hatuna nafasi barazani, lakini tulikuwa tumeleta pombe, na masikio tulikwenda nayo. Otwin aliinuka na ngao yake. Kabla hajafungua kinywa, Mzee Baldo akaegemea mkuki.

"Nina swali dogo. Huyu alifika lini?"

"Siku ya kwanza," mtu akajibu, na vicheko vikapita.

"Siku ya kwanza. Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Basi huyu anaye bwana," Baldo akasema. "Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Sisi hatumpi mtumwa ngao."

Tukikataa jambo hatusemi hapana, tunanung'unika. Mnung'uniko ukaanza upande wa Baldo, ukazunguka uwanja wote. Otwin alibaki amenyoosha mikono na ngao yake nyekundu, mpaka mikono ikachoka akaishusha. Nilitamani kumvunjia Baldo mtungi kichwani, na pombe yote ndani. Friato alipiga hatua nyuma, akageuka kwa kisigino kama walivyomfundisha, akaondoka.

Mwaka ule hakupata shamba. Alinipasulia kuni, nami nikampikia uji. Sitaficha: mimi ni mjane, watoto wangu wameoa mbali, na nilikuwa nimezoea hatua zake nje ya ukuta wangu. Wanawake walinitania, "Mama Gerlo, si uolewe naye tu!" Nikawajibu kwamba mtoto haoi. Nilisema kwa mzaha, lakini nilikwenda kulala na uchungu. Ngao ile nilikuwa naingoja kuliko yeye.

Baldo si mtu mbaya, nasema hivi kwa shingo upande. Majira ya majani yaliporudi, alimwambia Otwin, "Mwaka huu aje kama watu. Nami nitakuwa wa kwanza kugonga mkuki." Otwin akaipaka ngao rangi tena.

Basi mwezi ulipoandama nilikwenda kwa Friato asubuhi na mtungi wa pombe, nikakaa mlangoni, kitako changu ndicho komeo.

"Leo hutoki," nikamwambia. "Leo tunakunywa. Kesho tunakunywa. Kesho kutwa unakwenda, tena unapiga miayo."

"Sawa, mama Gerlo."

Akakaa. Akasimama. Akachungulia juu ya kichwa changu. Kutoka pale uwanja unaonekana.

"Hakuna mtu," akasema.

"Ndiyo. Wewe kunywa."

Akakaa. Jasho likaanza kumtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Pombe ikamwagika magotini. Akainuka, nikamshika joho.

"Friato, siku mbili tu! Una wazimu? Shamba, nyumba, kila kitu! Huwezi kukaa kitako siku mbili?"

Hakujivuta. Alisimama tu, joho lake mkononi mwangu.

"Kulikuwa na mwenzangu hemani," akasema, "anaitwa Vasso. Usiku mmoja alichelewa zamu. Kidogo tu, kamba ya kiatu ilikatika. Asubuhi tukapangwa mstari, tukapewa fimbo. Sisi wa hema lake."

"Mkampiga?"

"Tulikuwa tunakula naye chungu kimoja. Alikuwa ananitazama mimi. Mpaka hakuweza kutazama tena. Nikiitwa, Aveka, siwezi kukaa. Nimejaribu."

Nililiachia joho. Nikajisogeza, akapita.

Otwin alikuja siku ya tatu, ngao begani, anapiga mluzi. Alipofika ukingoni mwa uwanja akamwona mjomba wake kasimama pale peke yake, na umande nguoni. Hakumwita. Aligeuka akarudi nayo nyumbani, na hakuna aliyemnung'unikia mtu, kwa kuwa hakuna ngao iliyoletwa barazani.

Friato alikufa katika baridi ya mwaka huohuo, kwa kikohozi. Nilimfumba macho mimi. Kwetu mwanamume hubebwa na wanaume wenye silaha, ngao zao zikigongwa njia nzima, na mtoto hubebwa na wanawake. Nilikwenda kuwaita jirani zangu. Alikuwa mzito, mifupa ile mirefu, na njia ina theluji. Tulimweka chini kila mara tukapumua. Njiani Otwin akatukuta, analia, akajitia bega chini ya machela.

"Niache nimbebe, mama Gerlo. Ni mjomba wangu."

"Ondoka, mwanangu," nikamwambia. "Hii kazi ya wanawake."