Aonje Kwanza

Mimi shule niliiacha mapema nikaolewa, lakini mjukuu wangu alisoma, tena alisoma mpaka akajua kusimama mbele ya watu na kusema bila kutafuna kucha. Najisifu, ndiyo, na sioni haya. Nilimlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki. Kwa hiyo yule mwalimu mkimbizi alipokuja kwangu Nyamiaga kumwomba akaigize kwenye mchezo wake, nilikubali kabla hajakaa kwenye kigoda.

Ilikuwa ile miaka vilima vyetu vimefunikwa na maturubai ya bluu, na ukitaka kuni unatembea mpaka unakata tamaa. Wakimbizi wanatulaumu, sisi tunawalaumu, mbuzi wanapotea. Padri akasema tufanye jambo la kutukutanisha. Mwalimu akasema anao mchezo wa kale, wa wafalme, aliokuwa akiufundisha kwao kabla ya kukimbia. Mimi nilidhani ni mambo ya Yesu.

"Mjukuu wako atakuwa binti mfalme, bibi," aliniambia.

"Basi mpe nguo ndefu," nikamjibu. Sikuuliza huyo binti mfalme anafanya nini.

Jumapili baada ya misa uwanja wa kanisa ulijaa, wenyeji upande huu, wakimbizi upande ule. Mama wa kijana aliyemposa mjukuu wangu naye alikuja. Hao ni Wasukuma wa Nyakahura, watu wa ng'ombe. Alidandia lori, eti anakuja kumsalimia ndugu yake, lakini mimi najua alikuja kumpima binti kwa macho kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Nikamkalisha mbele kabisa, karibu yangu, aone vizuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkalisha.

Mchezo ukaanza. Kulikuwa na mfalme, na jemadari wake, ambaye walichanjiana naye damu tangu ujana wakawa ndugu. Jemadari anautamani ufalme. Anamuua mchumba wa binti mfalme, halafu anamwendea binti anamwambia aliyeua ni baba yako. Uongo mtupu! Sisi sote tulimwona akiua, mchana kweupe. Binti hakuona, alikuwa nyuma ya turubai lililotundikwa kama pazia. Tukamwambia. Watu walipiga kelele, "Usimsikilize! Ni yeye huyo!" Hakusikia, au alijifanya hasikii. Akachukua kibuyu cha pombe ya ndizi, akatia sumu, akampelekea baba yake, akapiga magoti.

Sasa, kwetu mtu akikupa pombe ni lazima aonje kwanza mbele yako. Hata mke kwa mume, hata ndugu wa tumbo moja. Anakunywa funda, anafuta mdomo, ndipo unapokea. Asipoonja, huipokei, na hakuna atakayekuita mkorofi. Mjukuu wangu alikiweka kibuyu mkononi mwa mfalme bila kuonja.

Uwanja ukalipuka. "Aonje! Aonje kwanza!"

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. "Wewe mfalme, huna akili? Nani alikulea?"

Mwalimu akatoka nyuma ya turubai, jasho linamtiririka. "Tulieni jamani, ni mchezo!"

"Mchezo gani wa kuua baba?"

Mfalme, ambaye kwa kweli ni muuza nyama wetu, akawatazama watu, akakitazama kibuyu, akanywa. Alikufa vibaya. Taji lake likabiringika hadi miguuni pa mama wa Nyakahura. Hakuliokota. Alilisogeza kwa kidole cha mguu.

Kisha binti akaja kujua ukweli, akalia mpaka mabega yakatikisika, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Alimwalika jemadari wanywe pamoja, mtungi mmoja aliokwisha kuutia sumu, mirija miwili. Jemadari si mjinga, akasubiri. Na mjukuu wangu akaonja! Akainama, akavuta kwa mrija, akameza, akafuta mdomo, akamchekea. Uso wake mtamu kama siku ya komunyo ya kwanza. Jemadari akanywa. Wakafa wote wawili, binti wa mwisho, akimwangalia mwenzake anavyojikunja.

Nilipiga vigelegele. Halafu nikajiziba mdomo, maana sikujua nampigia nani. Wenyeji wanashangilia. Kwa wakimbizi, wengine wanashangilia, wengine kimya, mama mmoja akambeba mtoto wake akaondoka hata hakugeuka. Binti alishinda au alishindwa? Baba hakuwa na kosa. Jemadari alistahili, sawa. Lakini kwa kuonja? Kuonja ndiyo dhamana yetu. Ukiitia sumu, watu wataaminiana kwa lipi tena?

Mama wa Nyakahura akaniinamia. "Mkwe, huyu binti kujifunza kucheka vile, kajifunzia wapi?"

Nimemlea mimi, na uso ule sikuwahi kuuona.

Nikamfuata mwalimu, anakunja mashuka waliyovaa waigizaji. "Mwalimu, umemfundisha nini mjukuu wangu?"

"Nimemfundisha pa kusimama tu, bibi. Mengine alikuwa nayo."

"Na kuonja? Ni nani huyo anayeonja sumu?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta neno dogo. "Bibi, waliotugeuka kwetu, tulikuwa tunanyonya nao mtungi mmoja." Akaendelea kukunja. Nilitaka kumtukana, nikajikuta namsaidia kushika ncha ya shuka.

Asubuhi yake mjukuu aliniletea uji. Nikachungulia kikombeni.

"Unatafuta nini, bibi?"

"Inzi," nikasema. Alinijua. Akatoka nje akaanza kufagia pale alipokwisha kufagia.

Saa nne mama wa Nyakahura akafika. Mjukuu wangu akapiga magoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akaleta pombe niliyoipika mimi, akaonja funda, akafuta mdomo, akampa kwa mikono miwili. Mgeni akakipokea kibuyu, akakipakata. Hakunywa.

Mjue, mama mkwe asipokunywa kwa binti, posa imekwisha. Na binti aliyekataliwa kwa sababu hiyo, hakuna nyumba nyingine itakayompokea. Ataitwa mwenye sumu mpaka azeeke.

"Kunywa, mkwe," nikasema. "Ameonja."

"Hata jana alionja."

"Jana ulikuwa mchezo!"

"Ndiyo. Aliucheza vizuri mno."

Nikamnyang'anya kibuyu, nikanywa mimi, nikamrudishia. "Haya! Nimekufa?"

"Wewe ni bibi yake," akasema. "Jana hata yeye mwenyewe alikubali kufa."

Mjukuu wangu akaanza kulia pale pale chini. Machozi ya kweli, mabega yanatikisika. Mgeni akamtazama kwa makini, kama anayekagua ndama sokoni. "Na kulia pia jana alilia," akasema, taratibu, wala si kwa ubaya. Nadhani naye alichanganyikiwa.

Hapo nikachemka. "Sasa afanyeje, mkwe? Akicheka ni mchezo, akilia ni mchezo, akionja ni mchezo. Unataka afe kweli ndipo umwamini? Sema nikaite wachimba kaburi!"

Kisha yule mama akacheka puani. "Asife. Ng'ombe wangu nitawapeleka kwa nani?"

Akafumba macho, akanywa kama mtu anayemeza kwinini. Alikaa na ile pombe mdomoni muda mrefu mpaka nikadhani ataitema. Akameza. Tukangoja. Mjukuu wangu ameacha kulia, anangoja. Na mimi niliyeipika, mimi niliyeinywa muda ule ule, nilikuwa nalikodolea macho koo lake.

"Chungu kidogo," akasema. "Nani alipika?"

"Mimi."

"Nilijua si mtoto."

Ndoa ilifungwa hapa kwetu, na leo nina vitukuu Nyakahura, wana meno makubwa kama ya upande wa baba yao. Lakini sijui kama yule mama alikunywa kwa kumwamini mjukuu wangu, au kwa kuona haya mbele yangu, au kwa sababu ng'ombe walikwishaahidiwa. Sikumuuliza, na sasa ametangulia. Najua tu kwamba alipokuwa anameza, mimi nami nilingoja, na sijui nilikuwa nangoja nini.