Mfuko Niliokatazwa Kufungua

Mimi ni mtu wa kushuku, na korona ilinizidishia. Miaka miwili nilitunza wazee jijini Sydney, nikimpima joto kila aliyegonga mlango, hata mchungaji wetu. Kwa hiyo jirani yangu wa mtaa wa Mount Druitt, mama Mkongomani, aliponiletea mfuko uliozungushiwa tepu pande zote, niliutazama mara mbili.

Mipaka ilikuwa imefunguliwa, nami nilikuwa nakwenda kutembea Santiago, Chile, siku tatu tu. Mdogo wake wa kiume aliishi huko. Ukimbizi ulikuwa umewatawanya: yeye ulimpeleka Chile, dada na mama yao ukawaleta Australia. Mama yao huyo alifariki wakati wa kufungiwa. Tulimzika watu kumi tu walioruhusiwa, na mwanawe akatazama kwenye simu.

"Ni ya mama. Umupatie mwenyewe ku mukono," jirani akaniambia. "Usifungue. Please, hata kidogo."

Sisi wa ughaibuni mzigo wa mtu hufunguliwa mbele ya anayeubeba, ndipo ufungwe. Nilitaka kumkumbusha, nikaona haya kwa kuwa amefiwa. Lakini moyoni nikasema, huyu ana jambo. Uwanja wa ndege waliponiuliza kama mizigo yote nimeipakia mwenyewe, nikajibu ndiyo. Uongo ule niliubeba bahari nzima.

Santiago sikuiamini. Mitaa imenyooka mno, na ukiinua macho unakuta milima yenye theluji imekukodolea. Mbwa mkubwa asiye na mwenyewe alinisindikiza kutoka uwanja mkuu wa mjini hadi mtoni, akisimama taa za barabarani zikiwa nyekundu. Nikakumbatia mkoba, utadhani mbwa huiba. Mzee mmoja aliuza maji matamu ya pichi kavu, yenye ngano chini ya glasi. Akanionjesha bure, nikanusa kwanza. Wengi bado walivaa barakoa, na mtu usiyemwona mdomo utamwaminije?

Jioni nikashindwa. Nikachukua mkasi wa kucha, nikafungua.

Kilikuwa kitenge kikuukuu, basi. Nilipapasa pindo nikitafuta kilichofichwa, nisipate kitu. Kilinuka jasho, mafuta ya nazi na dawa ya kuchua. Harufu ya kitanda cha mgonjwa naijua, na kazini tulifundishwa la kufanya. Nikakifua kwa maji ya moto na sabuni ya hoteli, mara mbili. Nikakianika, nikakipiga pasi, nikafunga tepu upya. Nikalala nimeridhika kwamba nimemsitiri jirani yangu.

Kesho yake nilimkuta yule ndugu sokoni, alikokuwa akibeba magunia ya vitunguu. Nilimwomba ashushe barakoa nimhakikishe. Akashusha bila kinyongo. Alikuwa na mwanya wa dada yake.

Hakungoja. Alikaa juu ya gunia, akachana tepu, akazika uso kwenye kitenge. Kisha akageuza upande mwingine, akazika tena. Akaja pembe ya tatu, na ya nne. Nilidhani analia, kumbe anatafuta.

"Yaya alisema hakuifua," akaniambia polepole, akimtaja dada yake. "Alisema harufu ya mama ingali ndani."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Labda ni safari, ndugu yangu," nikasema. "Ni mbali."

"Ni mbali kweli," akakubali. Akaomba ruhusa kazini, akanipandisha kilimani nikauone mji wote, akininunulia maji yale ya pichi. Alikuwa amejifunga kitenge shingoni. Kila upepo ulipovuma niliisikia sabuni yangu. Mara tatu nilifumbua mdomo nimwambie, mara tatu nikaufunga.

Niliporudi Mount Druitt, jirani yangu alikuwa mlangoni kwangu kabla sijashusha sanduku.

"Alinusa?"

"Alinusa sana, Mama."

Akainua mikono, akamshukuru Mungu, akanikumbatia.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikupatia mutu mwingine. Wewe hauwezi kufungua."