Chungu Kipya cha Amia

Kila asubuhi, kabla ya kutumbukiza sufu kwenye rangi, Amia alifagia uchafu uliomwagwa mlangoni pake. Matumbo ya samaki, majivu, siku nyingine mkojo. Hakuuliza ni nani. Mtaa mzima wa watia rangi pale Antiokia ulimjua mtu huyo, na sababu uliijua pia: Amia aliacha kuimwagia divai sanamu ya mungu mlinzi wa jiji.

"Ewe mtu wa Kristo!" jirani yake Bakio alimpigia kelele dirishani. "Huyo Mungu wako hana hata pua. Uvumba ataunusaje?"

"Heri yake! Mimi ninayo, na nakunusa wewe."

Zosime, binti wa kaka yake aliyefanya kazi naye, alicheka. Yaliyotokea jioni ya siku hiyo hayakumchekesha.

Waamini walikula nyumbani kwa Amia, Wayahudi na Wagiriki, mkate mmoja ukipita mkono kwa mkono. Ili ndugu Wayahudi wasisite, Amia alivunja vyungu vyote vilivyowahi kupika nguruwe, akanunua kipya kwa mfinyanzi wa Kiyahudi. Soseji alizozipenda tangu utotoni aliziacha. Nyama iliyopitia kwenye madhabahu za miungu haikuvuka tena kizingiti chake. Hakuna aliyemlazimisha.

Kisha akaja mgeni kutoka Yerusalemu, Yoezeri, mwamini kama wao. Jioni hiyo Menahemu, Myahudi aliyekuwa akila kwa Amia na kulamba vidole, alichukua bakuli lake akaenda chumba cha pili, alikoketi mgeni. Wayahudi wengine wakamfuata, macho chini.

"Menahemu, kulikoni?" Amia akauliza. "Dengu zina mchanga?"

"Hapana, dada. Ni... tusimuudhi mgeni tu. Tupakulie huku."

Amia akamgeukia mgeni. "Chungu ni kipya, baba. Kimefinyangwa na mtu wenu. Nguruwe hakijamwonja."

"Chungu chako hakina kasoro, mama," Yoezeri alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Zosime. "Kasoro iko kwenu, ninyi Wagiriki. Wanaume wenu watahiriwe, mshike Torati, ndipo tutakula pamoja."

Zosime alihisi masikio yanawaka. Chama cha watia rangi kilikuwa kimeshamfukuza shangazi yake kwa sababu ya jina la Kristo, lile lile ambalo Yoezeri alikuwa ametoka kulitaja akibariki chakula. Sasa anafukuzwa tena, na safari hii ndani ya nyumba yake mwenyewe! Bakio, walau, hakuwahi kujifanya ndugu.

Amia hakupakua huku wala kule. Alikitua chungu katikati ya meza ya chumba kikubwa, akaweka upawa juu yake.

"Chakula hiki hapa. Vyungu nilivunja. Mimi mwenyewe nijivunje vipi? Mwenye njaa aje."

Bibi Shelomiti, Myahudi mkongwe kuliko wote, akatoka chumba cha pili akijikokota na bakuli lake.

"Sogea, mwanangu," akamwambia Zosime. "Miguu hii haiwezi kuhamahama kila akija mgeni."

Wengine hawakumfuata. Menahemu alitoka nje na njaa yake, asimtazame mtu.

Walipokuwa wakiosha vyombo, Zosime alishindwa kunyamaza.

"Shangazi, Menahemu akirudi kesho, utamfungulia?"

"Nitamfungulia," alisema Amia. "Lakini atakaa mezani na sisi, si chumba cha pili."