Mtoto Niliyemchora kwa Nyuma

Sisi tuliokulia Gisenyi kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto, rangi hatukununua dukani. Nyeusi ilikuwa mkaa wa jikoni kwa mama. Nyeupe ilikuwa ingwa, ule udongo wa kupaka kuta, tuliokuwa tukiumega pembeni ambako mwenye nyumba hatazami sana. Nyekundu tuliichimba kwenye kingo za barabara ya Rubona, tukarudi na kucha za kutisha walimu. Kijani kilitoka kwenye majani ya maharage. Unayasugua ukutani mpaka vidole vinanuka, kesho yake kimegeuka kahawia, nawe unaanza upya bila kinyongo. Buluu hatukuwa nayo kabisa. Ziwa Kivu lote lile mbele yetu, na hakuna aliyejua namna ya kulihamishia ukutani.

Siku hizi vijana wanakuja kwangu kujifunza kuchora. Nawapenda, na vipaji wanavyo, lakini wananichekesha. Kijana anafungua simu, anatafuta picha ya machweo ya nchi asiyoijua, anaanza kuinakili kwa bidii. Ziwa lake mwenyewe liko nyuma yake, linabadilika rangi kila dakika bila kudai megabaiti hata moja. Halafu anageuka kuniuliza mimi, shangazi wa wote, "Tantine, we mawazo unatoaka wapi?" Na kwa nini watu wote kwenye picha zangu wametupa mgongo? Wageni wanaonunua picha huuliza hivyo hivyo, na wengine wana majibu yao tayari, makubwa makubwa, ya kitaalamu. Mimi nawaambia ukweli: ni kwa sababu ya baba yangu.

Baba aliuza vitenge mjini, mama alishona kwenye baraza ya duka hilo hilo, kwa cherehani ya kukanyaga. Tulikuwa familia ya Kiislamu, na baba alikuwa mtu wa dini kweli, si wa Ijumaa tu. Aliponikuta nimemchora jirani kwenye ukuta wa uani, na pua yake na meno yake, hakunipiga. Alichukua kitambaa chenye maji, akafuta taratibu kuanzia kichwani.

"Zuhura, mwana," akasema, "sura ya mutu usichore. Ile njo kazi ya Mungu."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mama, asiyependa kelele karibu na cherehani, akatafuta njia. "Bon, Baba Zuhura, kama ni sura njo mubaya, achore bila sura. Achore mugongo."

Baba akafikiri, akakubali. Hivyo nikawa mchoraji wa migongo nikiwa bado nang'oka meno ya utoto.

Na migongo, jamani, Gisenyi ilikuwa nayo! Kila asubuhi wanawake wa vijiji vya Cyanzarwe na Kanama walipita mbele ya duka wakielekea bariyeri ndogo, kizuizi cha mpakani, kuvuka kwenda Goma upande wa Kongo na karoti, kabichi, viazi vyenye udongo bado. Mzigo kichwani, mtoto mgongoni, na vidole vya miguu vimejishika kwenye mawe meusi ya mlima. Mama alikuwa na sheria moja, nayo haikuwa na mjadala: ukimkuta mwanamke anahangaika kujitwika, unaacha unachofanya, unamtwika. Hata kama uko katikati ya kuruka kamba na zamu ni yako. Hata kama sambaza wako wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, wanapoa kwenye sahani na kaka zako wanawaangalia kwa macho ya paka. "Ule mama iko nalisha watu," alisema. "Na we unapita kama hauone?" Wakati watu wengine waliwasukuma wanawake hao kama vile wamefunga barabara, mimi niliwajua mmoja mmoja kwa nyuma: huyu bega la kushoto limeshuka, yule anakaza shingo akichoka. Haki niliyofundishwa nyumbani ilianzia hapo, kwenye kumpunguzia mtu uzito. Namshukuru mama kwa hilo kila ninaposhika brashi.

Kisha ukaja mwaka ambao mlima wa juu ya Goma ulitema moto, na wenzangu mnaukumbuka. Anga ilikuwa nyekundu, na majivu yalidondoka kwenye uji. Watu wa Goma wakaingia mjini kwetu kwa miguu, na magodoro, na mbuzi, na masufuria yenye chakula kilichoiva nusu. Hakuna aliyeuliza dini wala kabila wala pasi. Ua wetu ulijaa mpaka baba akawa anaswalia kwenye ngazi ya duka. Majirani Wakristo, waliorudi kutoka Kongo miaka michache kabla na kujua vizuri kukimbia ni nini, walileta maharage sufuria nzima, wakaketi nasi tukayala.

Katika msukosuko huo mama alimkuta mtoto wa kike amesimama kando ya cherehani, ameshika pindo la kitenge cha mtu asiyemjua. Alikuwa mdogo, hajafika umri wa shule, na hasemi neno. Tulimwita Mugeni. Tulitangaza msikitini, majirani wakatangaza kanisani, lakini mtangaze nani, kama jina hamna? Alikula alichopewa, akalala karibu nami, na usiku mkono wake haukuniachia nguo. Watu wakaanza kurudi Goma kuona kama nyumba zimebaki. Mama akashikwa na hofu, na alituambia wazi: wakishaondoka wote, mwenye mtoto hatapatikana tena.

Ndipo baba akaleta ubavu wa boksi la sabuni, akauweka mbele yangu. "Muchore," akasema. "Muchore na sura. Mungu anajua moyo yetu."

Sijui kama mnaelewa neno hilo lilimgharimu nini. Nilielewa hata mimi. Nikamkalisha Mugeni, nikajaribu. Macho yalikwenda huku na huku, pua ikaota kwenye shavu, mdomo ukawa wa mzee mwenye hasira. Sura sikuwahi kujifunza kuichora! Nikafuta, nikarudia, ikazidi kuharibika. Mwisho nikamgeuza mtoto, nikachora ninachokijua: kisogo, mistari ya nywele zilizosukwa, mmoja umepinda kuelekea sikio, na gauni lenye kiraka cha kitenge cha manjano mgongoni.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yoo! Mutoto amepotea, na nyie munaonyesha kisogo?"  Baba alikipigilia kile kiboksi kwenye nguzo ya barabarani mbele ya duka, upande wa watu wanaorudi bariyeri, akakaa chini yake kama mlinzi.

Alikaa hapo mchana kutwa, kesho yake tena. Mimi nilikuwa nimempelekea chai aliposimama mwanamke mmoja mwenye godoro kichwani. Aliangalia, akasogea. Godoro likaanguka barabarani.

"Ile nyele ni mi nilisuka!" akapiga kelele. "Huu musitari, alikuwa anakataa kukaa kimya, kichwa huku, kichwa huku! Mutoto wangu iko wapi? Iko wapi?"

 Baba alimshika mkono mwanamke wa watu, yeye ambaye hata salamu ya mkono hakuwapa wanawake, wakakimbia hadi uani. Na Mugeni, ambaye siku zote hizo tulidhani ni bubu, alimtazama mama yake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kandambili yangu moja imepotea."

Jina lake lilikuwa Neema. Tulilia wote, na wale waliocheka walilia kuliko sisi. Baba alinunua kandambili mpya. Tangu siku hiyo, nikirudi shule, aliniuliza kwa heshima kama ananiuliza habari za biashara: "Leo umechora mugongo ya nani?" Sasa amelala, Mungu amrehemu. Sura naweza kuzichora leo, nilijifunza ukubwani na hakuna aliyenikataza. Migongo ndiyo inayonijia.

Siwezi kusema zamani yote ilikuwa nzuri. Siku hizi mtoto akipotea, picha yake inafika simu za mji mzima kabla chai haijapoa, anapatikana, nami nashukuru sana. Lakini wazazi wanapokuja kutazama kazi zangu, kila mmoja na picha za mwanawe zimejaa simuni, huwa nawauliza kwa upole: ukimwona kwa nyuma tu, katikati ya umati, utamjua? Wengi hucheka. Wachache hugeuka kumtafuta mtoto kwa macho, nao wakimwona wanamtazama kwa muda mrefu.

Mama yangu angenijua.