Benchi Nililomtengenezea Mama Mkwe

Ningependa kuinyamazia habari hii, lakini Khwisero nzima inaijua, na wengine hunionyesha hata kwa mikono jinsi ubao ulivyofyatuka.

Mama mkwe alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza tangu nimwoe Ayuma, nami nilikuwa nimejitapa kwamba ataketi kwenye benchi la mikono yangu. Nilikuwa na mbao mbili za mkaratusi, futi kumi na mbili kila moja, zimejisokota kwa jua. Makokha, jirani yangu ambaye ni fundi, alizitazama akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hizo usizikandamize. Tia kabari chini ya pembe zenye zimebonyea, upige randa zile zimeinuka, polepole. Siku tatu hivi."

Siku tatu! Mimi nilikuwa na moja. Nikazibana mezani kwa jiriwa sita (nne niliazima kwa Makokha huyo huyo), zikalala kwa adabu, nikapiga randa mpaka zikang'aa, nikalegeza jiriwa, nazo zikajisokota vilevile mbele ya macho yangu. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwita Ayuma asimame upande ulioinuka, nikazigongomea misumari kwenye miguu ya benchi haraka kabla hajashuka.

"Baba Ivy, hii kitu inalia."

"Inazoea," nikasema.

Jumapili mama mkwe akaketi ukingoni, dada zake watatu wakajipanga kando yake, benchi likatulia, nikapumua. Kisha wale dada wakainuka pamoja kunawa mikono. Misumari ikang'oka, ubao ukafyatuka, mama mkwe akawa chini, kilemba chake ndani ya bakuli la ingokho, kuku tuliyemchinjia yeye.

Na kwetu mtu hamgusi mama mkwe wake, hata mkono hampi! Nikabaki nimeinama, mikono hewani, siendi mbele sirudi nyuma, nikirudia "pole mama, pole mama", huku Ayuma akiwa jikoni hasikii lolote.

"Mkwe, toka hapo tuinue mtu!" dada mmoja akafoka.

"Kwani anampimia kaburi?" mwingine akauliza.

Mama mkwe akajibu kutoka palepale chini, bila kunitazama: "Mwacheni. Leteni mkeka. Mkeka haupindangi."

Akala obusuma, ugali wa kwetu, palepale mkekani, miguu ameinyoosha, wageni wote wakamfuata, nami nikahudumia nikikwepa macho yao. Nimeapa sitalazimisha tena ubao kulala usipotaka. Mama mkwe naye ametuma ujumbe: Desemba atakuja tena, na atabeba kiti chake kutoka kwake Chekalini.