Gogo Lililomenywa Gome

Moshi wa mkandaa, mti wa mikokoni, una harufu ya chumvi na matope, na mwaka ule ulikuwa umeganda kwenye kanga zetu zote. Ilikuwa miaka ya foleni. Mafuta ya taa yalipotea, mkaa ukafuata, na nyumba yetu ya Ngamiani ikarudi kwenye mafiga. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, hajatimiza arobaini, kwa hiyo dada yake Baba, Shangazi Mwanahamisi, alitoka Tongoni kuja kumkanda kwa maji ya moto na kutupikia unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, usiokubali kuiva.

Shangazi hakutia ukuni jikoni kabla ya kuugeuzageuza mkononi, nami akinifundisha. Mkwaju gome lake limepasuka kama kisigino cha mkulima, na moyo wake ni mweusi. Huo ni wa maharage. Mkandaa ni mwekundu ndani, huwaka hata ukiwa mbichi. Mchungwa wa Muheza una nyuzi za manjano zilizobanana, moshi wake haba, basi aliuweka kando kwa ajili ya maji ya mzazi. Mama alisikiliza hayo kutoka chumbani na kuudhika, maana kila mzigo alioununua yeye ulikuwa na kasoro. "Mchagua jembe si mkulima," alikuwa akinung'unika.

Siku moja Shangazi akiwa kwenye foleni ya sukari, Mama alimwita muuza kuni wa baiskeli. Magogo yake yalikuwa yamemenywa gome. Shangazi aliporudi, alilitazama moja kichwani, palipokatwa, akalinusa.

"Wifi, hili silo. Halina moyo, nyuzi nyeupe tupu kama muhogo. Nachelea ni mnyaa. Utomvu wake hupofua."

"Kila nikigusacho mimi ni sumu," Mama alijibu. Akatoka nje na arobaini yake haijatimia, akashika shoka. Shangazi alimkimbilia amzuie, lakini shoka lilikwisha kushuka. Gogo lilikuwa kavu nje, bichi ndani. Utomvu uliruka ukampata Shangazi macho yote mawili.

Shangazi alipiga magoti, viganja machoni. Mama alitupa shoka, akamlaza kichwa mapajani, akafungua kanga na kumkamulia maziwa yake machoni, hili kisha hili, huku mtoto akilia ndani mpaka nilipokwenda kumbeba. Jioni jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilibaki na ukungu maisha yake yote.

Baba aliporudi aliuliza nani aliyepasua gogo lile. Mama alifumbua kinywa. Shangazi, kitambaa usoni, akamtangulia.

"Mimi. Nilidhani mkuyu."

"Wewe, dada?"

"Uzee, ndugu yangu."

Mama aliinama, akamkaza Shangazi kitambaa. Tangu siku ile sikuwasikia wakijibizana tena. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema majirani, wasijue moto wenyewe uliwashwa na nini.

Siku hizi napikia gesi, na wanangu hawatofautishi mkwaju na mwembe. Sina la kuwalaumu. Sitamani moshi ule uwarudie. Lakini mwaka jana, kwenye hitima ya Shangazi kule Tongoni, wanawake walikumbushana kwa upole habari za bingwa wa kuni aliyeshindwa na mnyaa. Mama, mzee sasa, akasema, "Si yeye. Ni mimi niliyelipasua gogo lile."

Walidhani ni majonzi. Mmoja akamshika bega, akamwambia, "Nyamaza, bibi, usijitwike yasiyo yako."